Nilivyomwazima Mzee Mkono

Kazi yangu ya kwanza nilipewa kwa sababu nilikuwa na shahada. Ya pili niliipata mjini Shinyanga, mwishoni mwa miaka ya tisini, kwa sababu sikujua lolote kuhusu jambo lililokuwa mbele yangu. Nikizilinganisha leo, naona hiyo ya pili ndiyo niliyoifanya vizuri.

Nilikuwa nafundisha jiografia sekondari, na nilipanga chumba cha uani nyuma ya duka la vitambaa. Wenye duka walikuwa mume na mke, Wahindi waliozaliwa hukuhuku na kuzeekea hukuhuku. Mke tulimwita Masi, neno la Kigujarati la mama mdogo, na mji mzima ulimwita hivyo, hata wachimbaji wa Mwakitolyo waliokuja kununua turubai na kumdai awapunguzie. Kisukuma chake kilikuwa safi kuliko changu. Angemsalimia mteja, "Mwadila, mayu," wakaanza kuvutana juu ya kitenge, wakacheka, wakaafikiana, halafu angenigeukia mimi niliyeachwa njiani tangu sentensi ya tatu: "Mwalimu, wewe kwenu wapi vile?"

Mume tulimwita Mzee tu. Mwaka uliotangulia kiharusi kilikuwa kimemchukulia upande wa kulia wote, na maneno yote. Alibaki na mkono wa kushoto, macho, na sauti moja fupi kama ya mtu anayesafisha koo. Hiyo ilikuwa ndiyo, hapana, na chai iko wapi.

Zamani, Masi alinisimulia, kila Jumapili ukumbi wa jamii yao ulikuwa na meza za briji zilizojaa. Briji ni karata za watu wanne, wawili wawili, wanaokaa wakitazamana na mwenzi wao. Kisha familia moja ikahamia Mwanza, nyingine Dar, nyingine Ulaya, na meza zikapungua kama meno. "Kwenye briji wakibaki watatu huna meza pungufu," alisema Masi. "Huna meza."

Kwa hiyo mtoto wao, mhasibu huko Kanada, akawatumia kompyuta. Ilikaa chumba cha nyuma ya duka, juu ya meza ya kukatia vitambaa, na ilipounganishwa na waya wa simu ililia kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Ikishalia, ikanyamaza, na kwenye kioo zinatokea meza za briji, nyingi, na watu wameketi wakisubiri mtu wa nne. Mzee alikaa mbele ya kioo, akaonyesha karata kwa kidole cha kushoto, Masi akaibonyeza kwa kile kipanya cha kompyuta. Mwenzi wake mezani alikuwa mwanawe, kule kwenye theluji. Walicheza hivyo wiki nyingi.

Halafu siku moja mwana akapiga simu. Simu za mbali wakati ule watu walizipigia kelele, kwa hiyo hata mimi uani nilisikia upande wa Masi wote, na upande wa mwana nusu.

Alitaka kuuza duka na kuwachukua wote wawili kabla ya mwaka kwisha. Masi hakutaka. Lakini hakusema hataki. Alisema duka ni la baba yako, muulize baba yako.

"Mama, Baba hayupo tena."

"Yupo. Anacheza na wewe kila siku!"

"Wewe ndiye unacheza, Mama. Mimi najua mchezo wako. Baba anaonyesha kidole popote, wewe unabonyeza karata inayofaa."

Masi alinyamaza. Nilimfahamu vya kutosha kujua kwamba Masi akinyamaza ni kama mwingine akivunja sahani. Baadaye akaanza kumtajia mwanawe pointi za kudumu za Mzee. Katika briji, nilikuja kuelewa, kuna pointi ambazo mtu anapewa kila anaposhinda mashindano, zinalimbikizwa miaka na miaka, na hazishuki kamwe. Kwa hizo mtu hupanda daraja, na Mzee alikuwa amepanda juu sana.

"Hizo ni za Baba wa zamani," alijibu mwana. "Pointi za kudumu hazishuki hata mtu akifa. Mimi nataka asilimia za siku moja, na wewe usiwepo chumbani."

Wakapatana hivi. Kulikuwa na mashindano kwenye mtandao Jumapili ya pili yake. Baba na mwana wangecheza pamoja. Masi angekaa nje. Kama karata za Mzee zingeonyesha kwamba akili ipo, Mzee angeulizwa kuhusu duka kama mwenye mali yeyote anavyoulizwa, na ambacho angesema kingekuwa kauli ya mwisho. Kama sivyo, mwana angeamua. Kilichobaki ni kumpata mtu wa kubonyeza: mtu asiyejua briji kiasi kwamba hata akitaka kudanganya, hawezi.

Wote wawili, mama na mwana, wakanitaja mimi.

Mwana alinisaili kwa simu. Alikulia Shinyanga, na Kiswahili chake kilikuwa bado na lafudhi ya huku.

"Mwalimu, karata unacheza?"

"Albastini. Chuoni nilikuwa bingwa wa bweni."

"Albastini mnakonyezana?"

"Tunakonyezana, tunakohoa, tunakunana migongo. Ndiyo mchezo wenyewe."

"Kwenye briji ukimkonyeza mwenzio unafukuzwa. Kama una ree na malkia, na mfalme yuko kwa adui, unafanyaje?"

"Namtukana adui."

Akaniomba nimrudishie Masi simu, na sauti yake ikanifikia hata nilipoiachia. "Mama," alisema, "huyu anafaa sana."

Kwa hiyo Masi hakunifundisha kucheza. Alikatazwa. Lakini hakukatazwa kunieleza namna pointi zinavyohesabiwa, na hapo ndipo nilipopata mshangao ambao haujanitoka mpaka leo, mimi niliyemaliza chuo kikuu nikidhani nimeshashangazwa na yote ya kushangaza.

Nilimuuliza swali la mtu wa albastini. "Masi, lakini si ni bahati tu? Ukipewa karata mbovu utashindaje?"

Alikuwa anapima kitambaa. Hakuinua macho. "Mwalimu, chukua robota moja la kanga. Sasa kila duka la mji huu limepewa robota kama hilohilo, rangi zilezile, maandishi yaleyale. Nani mfanyabiashara mzuri?"

"Aliyeuza zaidi."

"Basi. Mtandaoni, karata unazopewa wewe zinapewa meza nyingine zote. Mtu yuko wapi sijui, Uturuki, Australia, ameshika karata zilezile za Mzee, anatazama mezani karata zilezile. Huyo ndiye unayeshindana naye. Wale mliokaa nao meza moja ni mvua na jua tu. Robota likiwa baya, ni baya kwenu wote. Nani amelia kidogo kuliko wengine? Huyo anapata."

"Anapata kiasi gani?"

"Kila duka ulilolishinda, pointi moja. Mliyefungana naye, nusu kwako nusu kwake. Umemzidi doti moja au umemzidi doti mia, pointi ni ileile moja. Mwisho zinajumlishwa, zinafanywa asilimia. Hamsini ni mtu wa kawaida. Ukipata sitini, watu wanauliza wewe ni nani."

Nilitoka nje nikakaa barazani. Wanaume walikuwa wanapakia magunia ya mchele kwenye lori la Kagongwa, na nilikumbuka jinsi maisha yangu yote nilivyohesabu bahati. Mwenzangu wa darasani aliyepata kazi Wizarani alikuwa na mjomba. Mchimbaji aliyejenga nyumba ya tofali za kuchoma alichimba duara, yaani shimo la dhahabu, hatua chache kutoka kwenye duara la mwenzake aliyetoka na mawe matupu. Kila mtu ana robota lake na hakuna anayejua lingeuzwaje katika duka la mwingine. Na hapa walikuwepo watu waliokaa wakabuni namna ya kuiondoa bahati mezani, wakabakiza mtu mwenyewe, na kumpima hadi nusu ya pointi. Niliona ni jambo kubwa kama kupima mzingo wa dunia kwa kivuli cha kijiti, ambalo nilikuwa nalifundisha kidato cha kwanza bila mshangao wowote.

Kisha nikawaza kwamba Jumapili ingepimwa akili ya mtu, na mkono utakaobonyeza ni wangu.

Jumapili mchana duka lilifungwa. Masi alimvalisha Mzee shati jeupe, akamchana nywele, akamwekea glasi ya maji upande wa kushoto, akatoka. Akaenda kukaa dukani gizani, juu ya marobota, nyuma ya mlango uliorudishwa. Hakusema kitu kwa mume wake isipokuwa neno moja la Kigujarati ambalo sikulielewa na sikuuliza.

Mbuzi akalia, akanyamaza. Tukaingia. Kwenye kioo yalitokea maandishi ya mwana: "Shikamoo Baba." Mzee akatoa sauti yake. Nikaandika, "Marahaba." Mwana akaandika, "Mwalimu, mkono mzima?" Nikajibu, "Mkono mzima, kichwa ndiyo hamna."

Hapo hapo wapinzani wetu, watu wawili wa nchi nisiyoijua, wakamwita msimamizi wa mashindano. Walisema tunapeana alama za siri. Msimamizi akatuandikia kwa Kiingereza cha adabu na barafu kwamba lugha isiyoeleweka na wote mezani hairuhusiwi, tukirudia tutaondolewa. Katika albastini hiyo ingekuwa sifa, nilikaribia kujivuna. Lakini nilimwona Mzee amekaza taya. Baada ya hapo hatukuandika tena neno. Baba na mwana walibaki na karata tu.

Namna ya kucheza ni hivi, kwa kadiri ambavyo mimi mjinga naweza kusema. Kwanza kuna mnada: kila mtu kwa zamu anaahidi, au anapita. Anayeahidi zaidi ndiye anayecheza, na mwenzi wake anazilaza karata zake mezani wazi na kunyamaza. Anayecheza anachezesha pande zote mbili peke yake, na lazima ale mizunguko aliyoahidi. Kwa hiyo kila Mzee alipocheza, mwanawe alikuwa amelaza karata huko Kanada, hana la kufanya ila kutazama.

Kidole cha kushoto cha Mzee kilikuwa kinatetemeka hewani mpaka kiguse kioo, kisha kikatulia. Mimi nikabonyeza palepale kilipotulia. Mwanzoni nilikuwa namuuliza kila mara, "Hii, Mzee? Hii hapa?" kama dereva mgeni. Alinivumilia.

Tulikuwa tumeshapita nusu ya mashindano ulipofika ule mgawo wa karata ninaotaka kuusimulia. Yule mpinzani wa kulia kwa Mzee, anayecheza wa mwisho kila Mzee akianzisha mzunguko, alikuwa amefungua mnada. Maana yake alijitangaza kuwa ana karata nzito. Mzee akaahidi kopa nne, yaani turufu ni kopa na atakula mizunguko kumi kati ya kumi na mitatu: sita ya lazima, na minne ya ahadi. Mwana akalaza karata zake. Miongoni mwazo kulikuwa na ree ya pau, karata inayompita hata mfalme, na malkia wa pau.

Sasa, mimi kwa siku zile chache nilizokuwa nikimbonyezea Mzee kwa mazoezi nilikuwa nimeona kitu. Nilikuwa nimeona kwamba mezani kukiwa na ree na malkia, Mzee humcheza malkia kwanza, kwa matumaini kwamba mfalme yuko kwa yule aliyekwisha kucheza. Hakuna aliyenifundisha, nilikuwa nimegundua mwenyewe, na nilitembea nalo kama mwanafunzi anayejua jibu la swali moja na anaomba liulizwe.

Mzee alicheza polepole. Alimaliza turufu, akacheza shupaza, akacheza uru, akarudi shupaza, na kila mzunguko alitazama si karata yake bali alichotupa yule wa kulia. Mizunguko kumi ilikuwa na uhakika. Swali lilikuwa wa kumi na moja. Na kwa hesabu ile ya Masi, moja zaidi ndiyo doti moja ambayo maduka mengine hayakuuza.

Akacheza pau ndogo kutoka mkononi. Wa kushoto akatupa ndogo. Swali langu limeulizwa! Nikapeleka mshale juu ya malkia hata kabla ya kidole kufika.

Kidole kikafika kwenye ree.

"Malkia, Mzee," nilinong'ona. "Si malkia?"

Kidole hakikuondoka.

"Mzee, juzi ulicheza malkia."

Akanipiga kofi mgongoni mwa kiganja. Halikuwa la mchezo. Lilikuwa kofi la mtu ambaye kwa mwaka mzima watu wamekuwa wakimwambia anataka nini. Nikabonyeza ree.

Wa kulia akatupa mfalme.

Alikuwa naye peke yake, hana pau nyingine, alilazimika. Nilimwona yule mfalme ameanguka chini ya ree kama mtu aliyefumaniwa. Masi alinieleza kesho yake, kwa kuwa mimi nilikuwa sijui nimeona nini. Mzee alikuwa amehesabu. Yule wa kulia alijitangaza mzito, na uzito aliokwisha kuuonyesha haukutosha, kwa hiyo mfalme lazima awe kwake. Na katika karata zake kumi na tatu, kumi na mbili zilikuwa zimejulikana kwa rangi zake. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja. Mtu asiyeweza kuomba maji alikuwa amekaa na karata za watu wengine zote kichwani mwake, akiondoa karata moja moja, mpaka ikabaki moja gizani, na akaiita kwa jina.

Mgawo ule ulipokwisha, mtandao ulionyesha walivyofanya wenzetu waliopewa zilezile. Safu ndefu ya majina ya kubuni, na mbele ya kila jina mizunguko waliyokula. Kumi. Kumi. Kumi. Tisa. Kumi. Wengi mno walikuwa wamecheza malkia, pamoja na mimi moyoni. Kumi na moja zilikuwa chache sana, na moja ilikuwa yetu. Nilitazama safu ile nikawaza vyumba vyote vile, usiku kwao au asubuhi, na mtu katika kila chumba amekaa mbele ya ree ileile na malkia yuleyule, na karibu wote wameangushwa na mfalme mmoja. Sijawahi, hata msikitini, hata mlimani, kuiona dunia ikiwa kubwa na imekaa karibu namna ile.

Mwishoni tulimaliza juu kidogo ya katikati. Nilidhani tumeshindwa, na nikawa nafikiri namna ya kumwambia Masi aliye gizani. Tukakata mtandao ili simu iweze kuingia, na simu ikaingia mara moja.

Mwana hakupiga kelele safari hii. Ilibidi niibane simu sikioni.

"Mwalimu, nimezitenga," alisema. "Zile alizocheza Baba peke yake, mimi nikiwa nimelaza, na zile nilizocheza mimi."

"Ehe?"

"Za Baba zimepita sitini, zimepita kabisa." Akaongeza: "Zangu, acha. Mimi ndiye niliyemburuza." Kisha akacheka. "Nilikuwa namwona anahesabu, Mwalimu. Nimemwona na macho yangu. Muulizeni."

Nikamwita Masi. Aliingia akiwa na vumbi la marobota kwenye sari, akanisikiliza, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Alimgusa Mzee begani mara moja, haraka, kama mtu anayegusa birika kujua kama bado ni la moto.

Kisha akafanya kazi yake sawasawa. Alileta ufunguo mkubwa wa duka na pasipoti ya Mzee, akaviweka juu ya meza ya kukatia vitambaa. Aliongea Kigujarati, halafu akarudia kwa Kiswahili kwa kuwa mimi nilikuwa shahidi: ufunguo, tunabaki, pasipoti, tunauza na kwenda kwa mtoto. Simu ilikuwa imelazwa pembeni, mwana anasikiliza.

Mzee alionyesha pasipoti.

Masi aliviangalia vile vitu viwili. "Ilikuwa upande wa kushoto," aliniambia, kana kwamba ni mimi niliyekosea. "Mkono wake unafika kirahisi."

Akavibadilisha. Ufunguo ukawa kushoto, karibu na kidole. Pasipoti akaisukuma mbali, kulia, upande uliokufa. Akauliza tena, neno kwa neno.

Mzee aliinama. Mkono wa kushoto ukapita juu ya ufunguo bila kuugusa, ukavuka meza nzima, mwili wote ukiufuata hadi nikasogea nimshike asianguke. Safari hii hakuonyesha. Aliweka kiganja chote juu ya pasipoti na kukiacha hapo.

"Mama?" simu ilisema kwa sauti ndogo. "Amesema nini? Mama?"

Masi aliiokota simu. "Amesema anakuja," alisema, na akaikata.

Alikuwa amepigania haki ya Mzee ya kuulizwa, peke yake, dhidi ya mtoto na daktari aliyemtibu na mimi na kila aliyepita dukani akimsemesha Mzee kama mtoto mchanga. Haikuwa imempitia akilini kwamba mtu akiulizwa anaweza kujibu.

"Ungeniambia," alimwambia mumewe.

Mzee akasafisha koo.

Masi akavuta kiti kutoka ukutani, akakizungusha hadi upande wa pili wa meza, akakaa akimtazama usoni. Mimi nilikuwa bado nimesimama katikati na kipanya mkononi.

"Mwalimu," alisema bila kunigeukia, "toka kidogo. Tunataka kuongea."